Magunia manane ya bodi kibandani Magongo: asidi, kuuza kwa jumla, au kuchambua?

Ndugu yangu, nalifupisha swali lako ili anayepita asome bila kurudi nyuma. Una kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta Magongo, Mombasa, na umekusanya magunia manane ya bodi mbovu (vile vibao vya ndani vyenye chipu), kama kilo 200. Jamaa mmoja anataka mchange pesa mnunue asidi mtoe dhahabu uani kwako. Mwingine ana pikapu na yuko tayari kuyabeba yote kwa bei moja ya kilo, bila hata kufungua gunia. Wa kwanza atakuumiza, wa pili atakupunja. Pesa yako iko kwenye meza ya kuchambulia.

Nianze na dhahabu, maana ndiyo inayowapa watu wazimu. Tani moja ya madabodi (bodi kuu) za kompyuta za mezani huwa na dhahabu kama gramu 150 hadi 250. Ukilinganisha na mawe ya mgodini, ambako gramu 5 kwa tani ni mgodi wa kujivunia, hiyo ni nyingi kweli. Sasa igawe. Kilo moja inakupa gramu 0.2 hivi, na madabodi moja iliyovuliwa vipoza joto kwa kawaida haifiki kilo. Simu ni tajiri zaidi: tani ya simu bila betri hukadiriwa kuwa na dhahabu gramu 340, fedha kilo 3.5, paladiamu, madini mengine ghali, gramu 140 na shaba kilo 130. Lakini tani hiyo ni simu elfu kumi na zaidi, kwa hiyo kila simu ina dhahabu ya gramu 0.03 hivi. Ule mng'aro wa njano kwenye meno ya ramu (kadi ya kumbukumbu ya kompyuta) ni utando ambao mara nyingi haufiki mikroni moja, na kwenye madabodi nyingi zilizopakwa dhahabu ni mikroni 0.05 hadi 0.1 tu juu ya nikeli. Unywele wa kichwani una mikroni 70 hivi. Zile bodi za kahawia za upande mmoja, za runinga, redio na chaja, hazina dhahabu ya kuzungumzia. Thamani yake ni shaba, aluminiamu na transfoma.

Sasa asidi. Shaba ni kama asilimia 20 ya uzito wa madabodi, na hiyo ndiyo itakayokunywa asidi yako kabla dhahabu haijaguswa. Bati la kwenye lehemu likikutana na asidi ya naitriki haliyeyuki vizuri, linageuka uji mweupe mzito unaoziba chujio na kushika chembe za dhahabu ndani yake. Fedha na paladiamu zinaondoka na maji machafu kwa kuwa hujui kuzitenga. Mwisho wa siku unabaki na unga wa rangi ya hudhurungi ambao mnunuzi wa dhahabu anaukata bei kwa sababu si safi. Moshi wa kahawia unaotoka kwenye ndoo ni naitrojeni dioksidi. Mtu huuvuta, akakohoa kidogo, akarudi nyumbani akijiona mzima, na saa kadhaa baadaye mapafu yanajaa maji. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hiyo, na ile ya vumbi pia haizuii.

Kuna na jambo la ardhi yetu. Kisiwa na sehemu kubwa ya pwani hii imekaa juu ya jiwe la matumbawe, jiwe la chokaa lenye matundu. Asidi ukiimwaga uani inalila jiwe lenyewe na kushuka na shaba na risasi hadi kwenye visima ambavyo majirani wanavuta maji. Kutoka Magongo hadi mtaa wa Owino Uhuru si safari. Pale kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilitia risasi kwenye damu za wakazi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ile ilikuwa risasi ya betri, na lehemu ya zamani ina risasi hiyo hiyo, asilimia 37 ya uzito wake.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke bodi juu ya jiko la makaa ili vipande vidondoke. Lehemu ya zamani huyeyuka nyuzi 183, ile isiyo na risasi nyuzi 217 kwenda juu, na makaa hayajui kusimama hapo. Ubao wenyewe ni nyuzi za glasi zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi iliyotiwa bromini ili isishike moto. Ukiuchoma kwa moto hafifu unazaa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Waya za plastiki ni vivyo hivyo: klorini ya plastiki ikikutana na shaba ya moto unapata sumu ya jamii hiyo hiyo, na shaba iliyoungua inashushwa daraja kwa wanunuzi. Unachoma pesa na mapafu kwa pamoja.

Haya, meza. Tafuta meza ya mbao yenye upepo, si ndani ya kontena lililofungwa. Vifaa ni vichache: bisibisi za nyota na za torx T5, T6, T8 na T10, koleo la kukata, patasi bapa, sumaku, malitimita, mizani ya kilo 30, na mizani ndogo ya gramu kama ile ya sonara. Vaa glovu, miwani na barakoa ya FFP2 kwa ajili ya vumbi. Usikate bodi kwa grenda. Vumbi la nyuzi za glasi linakaa mapafuni, na vumbi hilo ndilo lenye madini, kwa hiyo unayapuliza mali yako hewani.

Kabla ya kuita kitu taka, kipime. Fundi unalijua hili kuliko mimi, lakini watu hulisahau gunia likishajaa. Ramu ya laptop inayofanya kazi inauzwa kama ramu, kwa pesa ambayo dhahabu yake haiwezi kukupa hata siku moja. Iweke kwenye mashine, endesha programu ya kupima kumbukumbu mizunguko miwili, iandike tarehe. Vivyo hivyo prosesa, feni, kadi za waifai, skrini, na mosifeti (vipande vya kuwasha na kuzima umeme) za bodi za runinga. Hadi diski (hard disk, inayohifadhi mafaili) ni habari nyingine, kwa kuwa ina mambo ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuachi nje eti wewe ni fundi wa kibandani. Inayozunguka, iandikie sifuri mwanzo hadi mwisho kisha uiuze. Iliyokufa, toboa sahani zake kwa drili. Esesidi (SSD, diski ya chipu isiyo na sahani) kuitoboa tundu moja hakutoshi, kwa sababu kila chipu ya kumbukumbu inasimama peke yake. Toboa zote.

Kazi ya kwanza kwa kila kifaa ni betri. Si ya pili. Moto mwingi wa maghala ya taka za elektroniki huanzia kwenye betri ya lithiamu iliyobaki ndani ya simu iliyokandamizwa chini ya gunia. Itoe, ziba ncha zake kwa utepe, na usisahau kale kabetri ka volti 3 kanakofanana na sarafu kwenye madabodi. Betri iliyovimba usiichome wala kuibonyeza. Itie peke yake kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, kifuniko kikiwa kimelegea ili gesi ipate njia. Mchanga usichote ufukweni. Una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na unyevu wa chumvi unapitisha umeme. Tumia wa mto, uukaushe juani. Kuna wanaofundisha kutumbukiza betri kwenye maji ya chumvi ili zimalize chaji. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba ncha zinaliwa na kutu kabla chaji haijaisha, nawe unabaki na betri hai usiyoweza tena kuipima.

Seli za laptop, zile za duara za 18650, zina soko hapa kwa taa za sola na paketi za redio, lakini zichuje kwa ukali. Iliyo chini ya volti 2 itupe kwenye fungu la taka hata kama inakubali kuchajiwa. Ndani yake shaba imeshaanza kuyeyuka, na ukiichaji inajipanga upya mahali pasipo pake na kuunganisha ncha mbili. Iliyobaki ichaji hadi volti 4.2, iache wiki mbili, na ikishuka zaidi ya volti 0.05 haifai. Kisha ishushe kwa ampea 0.5 hadi volti 3, uandike uwezo wake juu ya ganda. Paketi moja iwe ya seli zinazopishana si zaidi ya miliampea-saa 100. Wanaochanganya seli za uwezo tofauti ndio wanaorudishiwa taa na wateja, au mbaya zaidi.

Pawa saplai na bodi za runinga zina kapasita kubwa, vile vikopo vinavyohifadhi umeme. Volti 240 zetu zikigeuzwa umeme wa moja kwa moja zinafika 340 hivi, na zinaweza kukaa mle hata baada ya plagi kuchomolewa. Usizigonganishe kwa bisibisi. Cheche inarusha chuma kilichoyeyuka machoni. Chukua rezista ya kiloomu 2.2 ya wati 10, ilehemu kwenye waya mbili zenye ncha zilizofunikwa, igusishe kwa sekunde kumi, halafu thibitisha kwa malitimita. Kapasita ya maikrofaradi 470 kwa rezista hiyo inaisha ndani ya sekunde tano. Maikrowevu usiiguse kama hujafunzwa: kapasita yake hufanya kazi kwenye volti 2,000 hivi na huua. Runinga za mgongo acha tyubu yake nzima, kwa sababu glasi ya nyuma ina risasi na hakuna anayeinunua. Skrini bapa za zamani zina vijitaa vyembamba vyenye zebaki. Vitoe bila kuvunja, vifunge kwenye bomba la plastiki.

Baada ya hapo unavua. Vipoza joto vya aluminiamu, mabano ya chuma, skrubu, yote yaondoke kwenye madabodi. Watu huacha ili kilo iongezeke, na kwa mnunuzi wa kienyeji labda utapata shilingi mbili tatu. Lakini kwenye tanuri la shaba aluminiamu na chuma huishia kwenye mavi ya tanuri, kwa hiyo anayejua kazi anakukata zaidi ya ulichoongeza. Tena aluminiamu ukiiuza peke yake ina bei yake. Mirija ya kupoza ya laptop huonekana ya fedha, ikwaruze kwa tupa: ndani ni shaba. Transfoma na mota fanya kinyume, kwaruza waya kwa wembe, kwa kuwa siku hizi nyingi ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba.

Mafungu ya bodi nayapanga hivi, takriban kutoka ghali hadi rahisi. Bodi za simu tupu, bila skrini, kava wala vikinga vya bati. Prosesa, na zile za zamani za kauri ziwe kopo lake maana zina dhahabu nyingi kuliko za sasa. Ramu na kadi zenye meno ya dhahabu. Bodi za hadi diski. Madabodi za laptop na za seva, kisha za kompyuta za mezani. Chini kabisa bodi za printa, pawa saplai na runinga. Usikate meno ya ramu kuyauza peke yake. Ukiyakata, kilichobaki kinashuka daraja, nawe huna tena wa kumuuzia. Na usichanganye hata bodi tano za kahawia kwenye gunia la simu ukidhani hazitaonekana. Mnunuzi hulimwaga juu ya turubai, hulichanganya, huligawa robo nne na kuchambua robo moja. Akikuta uchafu asilimia 10, anakata gunia zima kwa bei ya chini, na safari ijayo anakuja na jicho lingine.

Waya zipime kwa kiwango cha shaba. Kata mita moja, pima, menya, pima shaba. Ule waya mweusi wa kompyuta wenye nyuzi tatu za milimita mraba 0.75 una shaba ya gramu 20 kwa mita, na mita nzima ina uzito wa kama gramu 62. Hiyo ni asilimia 32. Sasa unajua bei ya kilo ya waya isipungue theluthi ya bei ya shaba safi ukitoa gharama ya kumenya. Waya nene menya kwa mashine ndogo ya mkono. Nyembamba kama za panya na chaja usijisumbue, uza na ganda lake.

Plastiki watu huitupa jalalani Mwakirunge, na sehemu yake ingeuzika. Shida ni bromini ile ya kuzuia moto. Koroga gramu 150 za chumvi kwa kila lita ya maji, tumbukiza vipande vilivyooshwa, usugue viputo vya hewa. Plastiki ya ABS ya kawaida, ile ya maganda ya vifaa, inaelea. Yenye bromini inazama. Maji ya bahari hayatoshi kwa kipimo hiki, uzito wake ni kilo 1.025 tu kwa lita na ABS yote itazama. Iliyozama si lazima iwe na bromini, kuna mchanganyiko mwingine mzito nao huzama, lakini usiiuze kwa anayetengeneza vyombo vya jikoni au vya kuchezea watoto.

Hifadhi ni tatizo letu sisi wa pwani kuliko wa bara. Hewa ya chumvi inakula miguu ya chipu, na gunia lililokaa juu ya sakafu ya saruji wakati wa masika linanyonya maji kama sifongo. Wayeyushaji hukausha sampuli na kulipa kwa uzito mkavu, kwa hiyo unyevu wote ni usafiri uliolipia bure. Weka magunia juu ya paleti, mdomo ukiwa umefungwa, mbali na ukuta. Kontena la chuma linafaa kwa bodi. Kwa betri halifai: saa saba mchana joto la ndani linapita nyuzi 50.

Kuhusu kuuza. Kwa kilo 200 sahau habari ya kusafirisha nje. Wanaotoa dhahabu, fedha, paladiamu na shaba kwa pamoja ni matanuri makubwa kama ya Umicore pale Hoboken, Ubelgiji, Boliden kule Rönnskär, Uswidi, na Aurubis, Ujerumani. Wanayeyusha kwenye nyuzi zaidi ya 1,100, plastiki ya bodi inasaidia kuwa kuni, na moshi unapozwa haraka ili dioksini isipate nafasi ya kujiunda upya. Hawapokei magunia manane. Gunia kubwa la mita moja ya ujazo hubeba kilo 300 hadi 400 za madabodi, na kontena la futi 20 huingia magunia kama 20, yaani tani 6 hadi 8. Hiyo ni kazi ya mkusanyaji mwenye leseni. Tena tangu Januari 1, 2025, chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatari, taka zote za elektroniki, za sumu na zisizo za sumu, zinahitaji idhini ya maandishi ya nchi zinakokwenda na zinakopita kabla ya kuondoka. Anayekwambia atapakia bandarini Kilindini na kuandika "vyuma vikuukuu" anakuingiza kwenye kesi.

Kwa hapa nchini, muulize mnunuzi leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira ya taifa) ya kushughulikia taka za elektroniki, uipige picha, uangalie tarehe. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabana wote, na ukinunua au kuuza shaba na aluminiamu unaingia pia kwenye Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Mnakumbuka Januari 2022 biashara hiyo ilivyopigwa marufuku kwa sababu ya wizi wa nyaya na nguzo za umeme, ikafunguliwa Mei. Weka daftari: tarehe, kifaa kimetoka kwa nani, uzito. Askari akikuta kilo 30 za shaba bila daftari, maelezo ya mdomo hayakusaidii.

Ukipata mafundi wengine watano wa Changamwe, Mikindani na Kongowea mkaunganisha mafungu ya daraja moja, mnafika nusu tani na bei inabadilika. Mpime wenyewe kabla mnunuzi hajaja. Mizani yake ijaribuni kwa beli la unga ambalo halijafunguliwa: pakiti 12 za kilo 2 ni kilo 24, na mfuko wa nje hauongezi cha maana. Ikisoma 22, mshajua anakula kilo mbili kwa kila 24.

Ukishachambua, weka hapa uzito wa kila fungu na picha za juu na chini za bodi mbili tatu, hasa zile za seva kama zipo. Watu wanaozijua watakutajia daraja lake kabla pikapu haijarudi.